Wiki tano baada ya kuuza friji, mnunuzi anataka hela yake yote

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo. Niliuza friji yangu ya milango miwili kwa tangazo nililoweka kwenye grupu la Facebook la vitu vilivyotumika. Mnunuzi alitoka Mbagala, akaja nyumbani Sinza, akaikuta imewashwa na ina barafu, akalipa 520,000 kwa M-Pesa, akaondoka nayo kwenye kirikuu. Wiki tano na siku mbili baadaye kanitumia ujumbe kwamba kompresa imekufa. Anataka hela yote, nauli ya kirikuu 40,000, na hasara ya juisi za dada yake zilizoharibika. Anasema fundi wake kamwambia friji imewahi kufunguliwa. Ni kweli, mwaka juzi ilijazwa gesi, ila tangu hapo haijanisumbua. Aliponiuliza kabla ya kununua nilimjibu 'iko vizuri, haina tatizo lolote.' Sasa anatishia kuniweka kwenye grupu kama tapeli na kuja na polisi. Mume wangu anasema nimbloku, mama anasema nirudishe nipate amani. Hela yenyewe nimeshalipia ada ya watoto. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye maneno ambayo wewe umeyapita haraka: "iko vizuri, haina tatizo lolote." Tutayarudia, maana shauri lako lote limelala hapo. Ila nianze na la leo, kwa sababu najua simu yako haitulii.

Usimbloku. Namwelewa shemeji, mtu akikurushia maneno kwenye simu, kidole kinakimbilia hapo chenyewe. Lakini mnunuzi huyu anapajua kwako. Aliingia ndani, akashika friji upande mmoja na kijana wa kirikuu upande wa pili, wakatoka nayo. Ukimfungia simu, kinachobaki kwake ni mlango wako au grupu, na kote atakwenda na neno jipya mdomoni: "nilipomdai akanikimbia." Mbele ya mwenyekiti wa mtaa neno hilo lina uzito kuliko kompresa.

Wala usimtumie hata shilingi elfu kumi ya kumpoza. Nimeshawaona wengi ofisini kwangu waliofanya hivyo kwa nia njema kabisa. Ukishatuma kidogo kabla hujajua kilichoharibika ni nini, mwenzako anaona umekubali kwamba unadaiwa, na kuanzia hapo mnabishania kiasi tu. Halafu muamala ule anautunza.

Mjibu leo, ujumbe mmoja, kwa maandishi, kwenye WhatsApp ileile mliyouziana. Uwe wa namna hii:

"Habari kaka. Nimepata ujumbe wako kuhusu friji uliyonunua kwangu, pole kwa usumbufu. Kabla hatujazungumzia hela naomba unitumie picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya friji, na maelezo ya fundi wako kwa maandishi: tatizo ni lipi, lilianza tarehe ngapi, na amefungua au kubadilisha kitu gani. Kama kompresa imetolewa, tafadhali isitupwe. Nitakuja na fundi tuiangalie wote ukiwepo. Baada ya hapo tutakaa tuzungumze."

Hapo hujakiri deni na hujamkana mtu. "Pole kwa usumbufu" si kukubali kosa. Kwetu hata anayepita njiani humpa pole aliyejikwaa. Umeomba vitu ambavyo mwenye dai la kweli anaweza kuvitoa siku hiyohiyo, na kwa mwenye dai la kupika vitakuwa mfupa. Akikujibu kwa matusi, usiongeze neno. Acha ujumbe wako wa mwisho ubaki huo.

Ile picha ya kibandiko isikupite. Karibu kila friji ina kibandiko nyuma au ndani ubavuni, chenye modeli, namba yake na aina ya gesi. Kama ulipoitangaza ulipiga picha za nyuma, linganisha. Usione ninamtilia shaka mtu bure. Nimewahi kuona dai la televisheni ambapo iliyopasuka kioo haikuwa ile iliyouzwa, na aliyeokoa muuzaji ni mtoto wake aliyepiga picha kibandiko kwa kucheza na simu.

Na leo hiihii fungua mazungumzo yenu uangalie kama kile kipengele cha ujumbe unaojifuta kimewashwa. Kizime. Piga picha ya skrini kuanzia "mambo, bado ipo?" hadi ujumbe wake wa jana, tarehe zionekane, umtumie shemeji azihifadhi kwenye simu yake. Na ule ujumbe wa M-Pesa wa 520,000 usiufute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani kama ushahidi, na makubaliano ya kwenye simu ni makubaliano. Wapo wanaodhani bila karatasi na muhuri hakuna mkataba. Mkataba mlikuwa nao tangu aliposema "nachukua" ukasema "karibu".

Sasa sheria yenyewe. Kuuziana kwenu kunaangukia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya 1893, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ile ya mauzo ina tofauti moja ambayo watu wengi mjini hapa hawaijui: inamtenga anayeuza kama kazi yake na anayeuza kitu chake. Mwenye duka la friji Kariakoo, hata kama hakukuahidi chochote, sheria inamwekea ahadi mdomoni kwamba bidhaa inafaa kwa kazi yake na ina ubora wa kuuzika. Wewe uliyeuza friji ya jikoni kwako hukuwekewa ahadi hiyo. Kwa muuzaji wa namna yako kanuni ya zamani bado ipo: mnunuzi afungue macho. Na hata kwa mwenye duka, mnunuzi akishaikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha.

Hapa nakuuliza kitu, na jibu baki nalo mwenyewe: ni friji yako kweli? Kama una kawaida ya kununua friji, kuzisafisha na kuziuza kwa tangazo, basi wewe ni mfanyabiashara hata kama duka lako ni sebule, na Sheria ya Ushindani ya 2003 pamoja na Tume yake inaweza kukuhusu. Nusu ya ninayokuambia haitakufaa. Nimechukulia ni ya nyumbani, kwa jinsi ulivyoandika.

Kwa hiyo hukumpa dhamana. Hukusema "nakupa miezi mitatu". Na mali ikishauzwa na kukabidhiwa, hatari yake humfuata mwenye mali mpya. Umeme ukirudi kwa kishindo Mbagala ukaichoma, ni friji yake iliyoungua, kama ambavyo ingekuwa yako siku moja kabla.

Kuchelewa kwake nako kuna maana, ila si ile anayoisema shemeji kwamba "wiki tano zimepita, hana chake". Sheria inasema mnunuzi akikaa na mali muda unaofaa bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, ameipokea. Vivyo hivyo akiifanyia jambo ambalo haliendani na kwamba bado ni mali ya muuzaji. Muda unaofaa haukuandikwa kwa siku. Kwa friji, ambayo ukiiwasha usiku unajua asubuhi kama inagandisha, mimi wiki tano naziona nyingi. Akishaipokea hivyo, haki ya kukurudishia friji na kuchukua hela yote inapotea kwa sehemu kubwa. Inayobaki ni ya kudai fidia, kama kuna jambo ulilovunja. Hilo dai la fidia halifi upesi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kwa hiyo usijifariji kwa kuhesabu wiki.

Tofauti hii naijua pia kwa upande wa pili wa meza. Niliwahi kununua printa iliyotumika kwa ajili ya ofisi, nikaiweka pembeni kwa kubanwa na kazi, nikaja kuiwasha baada ya wiki tatu, ikawa inakula karatasi. Nilimpigia muuzaji kwa hasira. Akaniuliza kwa upole, "dada, wiki tatu ilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sidhani alinidhulumu.

Turudi kwenye maneno yako. Muuzaji wa kawaida hadaiwi dhamana, ila anadaiwa ukweli. Sura ya 345 inasema mtu akikubali mkataba kwa sababu ya udanganyifu au maelezo yasiyo sahihi, anaweza kuuvunja. Na maelezo yasiyo sahihi si lazima uwe na nia mbaya; ukitamka kwa uhakika jambo ambalo hukuwa na msingi wa kulitamka hivyo, na si kweli, hata kama uliliamini, limekuhusu. Kukaa kimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo hali inakulazimu useme, au kimya chenyewe kinasema.

Kwa hiyo nenda kwenye simu utazame, yeye aliuliza nini hasa? Hukuniandikia swali lake, umeniandikia jibu lako tu. Kama aliuliza "iko poa?" ukasema haina tatizo, ulisema kweli ya siku ile, friji ilikuwa inagandisha na aliona barafu kwa macho yake. Kujazwa gesi mwaka juzi ni historia, na hakuuliza historia. Lakini kama aliuliza "imewahi kufunguliwa?" au "fundi ameshaigusa?", basi "haina tatizo lolote" ni jibu lililokwepa swali. Ulijua, na uliona kwamba ukisema atapunguza bei au ataondoka. Sikusemi vibaya, mdogo wangu. Karibu kila anayeuza kitu chake hufika kwenye kona hiyo. Lakini hakimu akiusoma ule ujumbe hatahitaji fundi kuuelewa.

Atakayekutetea kidogo hapo ni kibomba. Friji ikitoka kiwandani, pembeni ya kompresa huwa kuna kijibomba kifupi cha shaba kilichobanwa ncha na kuzibwa. Ikishajazwa gesi na fundi wa mtaani, mara nyingi pale kunabaki valvu yenye kifuniko, au alama ya kulehemu, shaba imekuwa nyeusi. Ndicho alichokiona fundi wake wa Mbagala. Sheria ya Mikataba inasema aliyepewa maelezo yasiyo sahihi, au aliyefichwa kwa kunyamaziwa, hawezi kuuvunja mkataba kama alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Utasema: friji ilikuwa wazi mbele yake, angeigeuza aone. Yeye atasema: mimi si fundi, ndiyo maana nilikuuliza. Mimi hoja yake naiona ina nguvu kidogo kuliko yako. Ni vizuri uijue kabla hujaenda kukaa naye.

Sasa friji yenyewe, maana watu wanagombana mwezi mzima kuhusu kitu ambacho fundi anakimaliza kwa nusu saa. Gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, mwaka hadi mwaka, ileile. Ukiona friji imehitaji kujazwa gesi, ina maana ilivuja mahali. Kwa hiyo swali si "ilijazwa gesi?" bali "ule uvujaji ulizibwa?" Friji yako ilifanya kazi zaidi ya mwaka baada ya matengenezo, kwa kawaida kama hawakuziba ingekuwa imekufa mapema zaidi. Hiyo ni nguzo yako kubwa, na ndiyo sababu namtaka fundi aliyeijaza.

Na kompresa kufa ni jambo la namna nyingi. Gesi ikipungua, kompresa huzunguka bila kupumzika ikitafuta baridi isiyofikiwa, tena hukosa ile gesi inayorudi kuipoza, ikachemka mpaka ikafa. Ikiwa fundi wa kati, asiye wako wala wake, atakuta gesi imekwisha na inavuja palepale palipolehemiwa mwaka juzi, tatizo lilitoka kwako, hata kama hukulijua. Lakini akikuta gesi imejaa na nyaya za ndani ya mota zimeungua, anazungumzia umeme: ule wa kukatika na kurudi ghafla, kompresa ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo halijatulia. Muulize mnunuzi alikuwa ameichomeka kwenye kile kifaa cha kulinda friji ambacho wengi wanakiita gadi, au moja kwa moja ukutani.

Halafu kirikuu. Uliiona ikiondoka? Ilisimama au ililazwa? Kutoka Sinza hadi Mbagala ni mwendo mrefu, barabara ya Mandela hadi Kilwa Road, na friji ikilazwa, mafuta ya kompresa hutoka mahali pake yakapanda kwenye mabomba. Inatakiwa ikifika isimamishwe itulie saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama ililazwa kabisa, usiku mzima. Wengi hufika, wakachomeka palepale ili majirani waone taa. Kama una picha hata moja ya siku ile ya kupakia, itafute.

Na zile juisi. Amejitaja mwenyewe, inaelekea bila kufikiri. Friji ya nyumbani iliyowekewa madumu ya ukwaju na maji ya kugandisha, mlango ukifunguliwa kila mteja anapofika tangu asubuhi, haiishi maisha ya friji ya jikoni kwako. Hilo halimnyimi haki kama ulimficha jambo, ila linaeleza uchakavu wa wiki tano. Kuhusu kulipa hizo juisi, jibu ni hapana, na useme bila kigugumizi. Fidia ya mkataba hufuata hasara inayotokana na jambo hilo kwa kawaida yake, au ile ambayo ninyi wawili mliijua siku mnauziana. Hukuambiwa kuna biashara ya juisi. Nauli ya kirikuu nayo angeilipa hata kama friji ingeishi miaka kumi; iache nje labda mkifika hatua ya kurudishiana kila kitu.

Fundi wa kati asiwe wako wala wake. Njia ninayoipenda ni hii: kila mmoja ataje mafundi wawili, kati ya hao wanne mchague mmoja mnayemkubali wote, mkishindwa, mwenyekiti wa mtaa anakokaa friji awatajie mmoja. Gharama ya ukaguzi mgawane nusu kwa nusu. Nenda mchana, na shemeji au kaka yako, usiende peke yako. Fundi aandike mistari mitatu kwenye karatasi na kuweka namba yake ya simu, mpige picha nyote.

Akishaandika, ningekushauri hivi. Kama uvujaji umetoka pale palipolehemiwa, na kwenye simu aliuliza kama imewahi kufunguliwa, mrudishie hela yake yote, 520,000, uchukue friji. Najua imeshaenda ada. Ni bora ukubaliane naye awamu mbili au tatu kwa maandishi kuliko kushinda kwa ubishi jambo ambalo moyoni unajua halikuwa sawa. Kama uvujaji ni huo lakini yeye aliuliza tu "iko poa?", changia matengenezo, tuseme fundi amesema kompresa na gesi ni 200,000, mpe 100,000 abaki na friji yake. Mtu wa Mbagala anayehitaji friji ya juisi kesho asubuhi atafurahia laki moja na friji inayowaka kuliko ahadi ya nusu milioni. Na kama ni umeme au kirikuu, hudaiwi kitu. Ukitaka kumpa elfu hamsini kwa ujirani mwema ni juu yako, ila iandikwe kwamba ni msaada na si deni.

Kuna hali moja inayobadilisha yote haya: kama ameshabadilisha kompresa na ile ya zamani imeuzwa kwa chuma chakavu. Hapo ameondoa ushahidi wake mwenyewe. Usilipe kwa maneno ya fundi ambaye hujamwona, kuhusu kifaa ambacho hakipo.

Vitisho navyo. Kuhusu polisi, kushindwa kuelewana baada ya kuuziana ni madai, na polisi si wakusanya madeni. Kinachoweza kuwahusu ni kosa la kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, lililo kwenye Sheria ya Kanuni za Adhabu. Nalo linataka nia ya kudanganya tangu mwanzo, jambo ambalo friji iliyokutwa inawaka na kugandisha inalipinga. Akifungua RB, yaani akiandikisha malalamiko polisi, na ukaitwa kituoni, nenda. Usijifiche, hapo ndipo watu huonekana wana hatia. Chukua simu yenye mazungumzo, nenda na mtu mzima wa familia au wakili, eleza kwa utulivu kwamba uliuza kitu kilichokaguliwa, na kwamba umeshaomba kikaguliwe na fundi wa kati. Usitie saini karatasi ya kuahidi kulipa kwa sababu umechoka kukaa kwenye benchi. Ukiambiwa uandike maelezo, yasome kabla ya kusaini.

Kuhusu kukuanika kwenye grupu: mwambie mara moja tu, kwa maneno ya kawaida, kwamba mnazungumza na kwamba hutafurahi jina na picha yako zikisambazwa. Usimtupie sheria usoni. Ila zijue. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha au kukashifu, na inakataza kumsumbua mtu kwa ujumbe wa vitisho. Akiposti, piga picha ya skrini yenye jina la grupu, tarehe na jina lake, kisha mwombe msimamizi wa grupu aiondoe. Usiingie kwenye maoni kujibishana. Watu mia wasiokujua watakufanya useme jambo ambalo hukupanga kusema, nalo litapigwa picha pia.

Ikishindikana kote, njia yake halali ni Mahakama ya Mwanzo, na wala usiiogope. Kiswahili ndicho kinachotumika, kiasi chenu kinaingia humo bila shaka, na watu wengi hujieleza wenyewe. Lakini mashauri mengi ya namna hii niliyoyaona yaliisha kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akiwa katikati na karatasi ya daftari mapajani. Mtake mkae hapo kabla ya kwenda mbali.

Mkikubaliana chochote, kiandikwe hapohapo. Majina yenu mawili, friji na namba yake, kiasi, tarehe za kulipa, na sentensi hii: "Baada ya malipo haya hakuna anayemdai mwenzake kuhusu friji hii, na hakutakuwa na tangazo lolote kumhusu mwenzake mtandaoni." Shahidi mmoja kila upande. Hela itumwe kwenye namba ileile iliyokulipa wewe, isiende kwa "dada yangu ndiye anapokea", na kama ni kurudisha yote, friji iingie kwenye kirikuu dakika zilezile hela inapoingia kwenye simu yake. Nauli ya kurudi ijadiliwe kabla, si gari likiwa limewashwa. Na safari hii friji isimame, ifungwe kamba.

Mweleze mama kwamba sijaupuuza ushauri wake. Amani anayoisema ipo, ila inapatikana ukishajua unalipa nini. Ukilipa kwa hofu, kesho atakuja na yule uliyemuuzia kiti mwaka juzi.

Kabla hujamtumia mnunuzi ule ujumbe, mtafute fundi aliyekujazia gesi. Namba yake huenda bado iko kwenye simu yako au ya shemeji. Tafuteni hata kwenye miamala ya M-Pesa ya mwaka juzi, huenda malipo yake yapo. Muulize swali moja: alikuta inavuja wapi, na aliziba kwa nini? Mwombe akutumie kwa sauti au maandishi. Jibu hilo ulishike mkononi ndipo ubonyeze kutuma.